Mama kagoma vidonge vya nyongo, tufanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh, naandika kutoka Chang'ombe Dodoma. Mama anaumwa ini, daktari kasema kinga ya mwili wake inashambulia mirija yake ya nyongo, kampa vidonge vya ursodioksikoli. Tumesikia vinatokana na nyongo ya wanyama basi kagoma, anasema ni najisi. Afu jirani kaleta nyongo mbichi ya ng'ombe toka machinjioni Kizota eti inapandisha kinga.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu, Allah amponye mama. Hofu yake ina msingi, mana kwa sisi Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, nyongo iliyomo ndani ya mfuko wake ni najisi hata kama ng'ombe kachinjwa kwa bismillahi, mfuko wenyewe ndo ukioshwa unatwaharika. Wamaliki, madhehebu nyingine, wao wanasema nyongo ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisheria ni twahara.

Sasa hicho kidonge. Zamani dawa hii ilijulikana kwenye nyongo ya dubu, siku hizi kwa kawaida wanaanzia nyongo ya ng'ombe, inachemshwa na kostiki soda kwa masaa mengi, wanatia asidi kitu kigande, wanachuja, wanasafisha tena na tena, afu asidi moja tu ya nyongo wanaibadilisha kikemia hatua kwa hatua mpaka unabaki unga mweupe, ile rangi ya kijani na uvundo huvioni tena. Wahanafi, nao ni madhehebu nyingine, wanaita istihala, kitu kimegeuka kuwa kingine na hukumu yake imegeuka, na wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait 1995 walilipitisha hilo kwenye dawa. Mashafi wengi hawaendi mbali hivyo, LAKINI Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi, kwenye kitabu chake Majmuu kasema kujitibu kwa najisi isiyolevya inajuzu kama hakuna kisafi cha kushika nafasi yake, na dalili ni wale wagonjwa wa kabila la Urayna ambao Mtume (s.a.w) aliwaamuru maziwa na mkojo wa ngamia, iko Bukhari na Muslim. Kwa hiyo njia zote mbili zinamfikisha mama kwenye ruhusa. Mwambie anywe, na swala yake iko sawa kabisa.

Ile nyongo ya jirani naikataa, tena kwa nguvu. Mbichi ni najisi ileile, ina vijidudu, hakuna aliyeipima, na mama hana shida ya kinga ndogo, kinga yake ndo inamla!! Ni kweli mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwenye panya kwamba asidi za nyongo zikishageuzwa na bakteria wa tumboni zinatuliza baadhi ya seli za kinga, ila hiyo ni maabara, asidi moja moja iliyosafishwa, sio kikombe cha nyongo ya Kizota. Jirani mshukuruni kwa nia yake, nyongo mwageni.

Ramadhani ikifika muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamia futari na daku, mana vidonge hivyo vinanywewa na chakula. Akisema haiwezekani, mama ale, yeye ni mgonjwa, na kama ugonjwa ni wa kudumu atoe fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku.