Barua kwa mwanangu kuhusu nafasi ya supavaiza

Mwanangu,

Sote wazima hapa Kisauni, ila mguu wa shangazi yako haujapoa. Ujumbe wako nimeusoma. Waniuliza: hoteli yenu ya Diani yatafuta supavaiza wa vyumba, na waliobaki ni wawili. Mmoja amehitimu Chuo cha Utalii kule Nairobi lakini hajawahi kusimamia watu. Wa pili ni mama wa Ukunda, ametandika vitanda miaka na miaka, cheti hana. Umchukue yupi?

Nami nakuuliza: hao wawili umewaona wakifanya kazi, au umewasikia wakizungumza tu? Usaili wa ofisini hupima ulimi. Supavaiza wa vyumba hufungua mlango akaona aliyopitiwa mtandikaji: unywele kwenye sinki, alama ya rangi ya mdomo kwenye gilasi, balbu iliyoungua. Kisha amwambie mwenziwe kosa lake kwa namna ambayo kesho atarudi kazini na moyo mmoja. Mpe mtu kazi umtazame. Nimelisema hili tangu uko shule, na marehemu babako alikuwa hachoki kulibisha.

Wamkumbuka yule binti wa Kilifi aliyekushonea sare ulipoingia darasa la kwanza? Tulimpata 1996 kwenye hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, mwaka mmoja kabla ya vurugu za Likoni zilizowafukuza watalii, hoteli za pwani zimejaa Wajerumani. Aliingia kibarua wa kusafisha vyumba. Wenziwe walikuwa wakimaliza vyumba vyao saa nane mchana. Yeye saa nane bado yuko nusu. Wakubwa wakakata shauri kwamba ni mvivu, aondolewe. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa sakafuni na sindano, ashona upindo wa pazia uliofumuka. Hakuna aliyemtuma. Akaniambia hawezi kutoka chumbani na pazia laburura.

Mvivu gani huyo? Aliwekwa pasipo pake, basi. Niliwasumbua wakubwa mpaka akahamishiwa stoo ya mashuka, na cherehani iliyokuwa imejaa vumbi ikatiwa mafuta. Mashuka yaliyochanika tulikuwa tukiyakata matambara. Yeye akayatolea foronya. Mapazia ya ghorofa nzima yakashika adabu. Furaha niliyokuwa nayo, ungedhani mimi ndiye niliyepandishwa cheo.

Masika yakaingia, wageni wakapungua, vibarua wakarudishwa makwao kama ilivyokuwa desturi. Julai alikuja kuomba kazi. Mwenye kushika daftari akatazama palipoandikwa "msafishaji, mzito", akamwambia nafasi hakuna, akachukua wasichana wapya. Mapazia yetu yakaanza kupelekwa mjini kwa fundi wa kulipwa! Nakuandikia haya na hasira ni ile ile. Mtu amefunzwa, amepata mahali pake, kisha anaachwa kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiitwa mzigo kabla hajajaribiwa kazi ya pili.

Utasema mama ameshamchagua wa Ukunda. La. Watoto wa Utalii nimefanya nao kazi. Chuo kile kilifunguliwa 1975 kwa msaada wa Waswisi, na wanaotoka pale wajua kupanga zamu, kuhesabu mashuka, kuagiza sabuni bila kupita bajeti. Miaka ya kushika ufagio haimfunzi mtu hayo peke yake. Tena kuna mzazi aliyejinyima ili cheti kile kipatikane. Lakini supavaiza asiyepiga magoti kutazama chini ya kitanda, wasichana humjua siku ya kwanza, na hawamsikilizi tena. Hata hivyo nani amesema huyu hatapiga magoti? Simjui. Haya, naona nabishana na nafsi yangu.

Jambo moja sina shaka nalo: yeyote utakayemchukua atakuwa nusu, na nusu ya pili ni kazi yenu. Sheria ya Ajira ya 2007 yawapa hadi miezi 6 ya majaribio. Wengi huitumia miezi hiyo kumvizia mtu akosee. Wewe itumie kumfunza. Wa chuo atandike na wenziwe mwezi mzima kabla ya kuwaamuru. Wa Ukunda akae na karani ajue ripoti na kompyuta. Na asilimia 2 ya mauzo ambayo hoteli hukatwa kwa ajili ya Mfuko wa Utalii husaidia kukiendesha chuo kile kile, kwa hiyo msione haya kumwombea kozi fupi. Na usikubali kumfanya kibarua wa msimu. Sheria hiyo hiyo yasema akifanya kazi mwezi mfululizo huhesabiwa ni mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Yupi, basi? Jina ninalo mdomoni na nalimeza kwa taabu, maana wewe ndiwe utakayeamka na uamuzi huo. Jumamosi wageni wakiondoka, wape vyumba vinne vinne wavikague, uwafuate nyuma bila kusema neno. Kisha nipigie uniambie nani alitazama nyuma ya mlango wa choo. Ukiniuliza tena baada ya hapo, sitanyamaza.

Mamako