Kitabu cha benki cha marehemu baba

Pole sana dada yangu. Umesema baba alifariki 2016 pale Mafinga alikoishi, na juzi mmekuta sandukuni mwake kitabu cha benki na kadi ya LAPF, ule mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa. Msivitupe.

LAPF haipo tena, ndiyo maana kila unayemuuliza anakushangaa. Mwaka 2018 iliunganishwa na mifuko mingine, PSPF, PPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Nenda ofisi yao na kadi hiyo, uliza kama kuna michango au mafao ambayo hayajachukuliwa. Kuuliza ni bure. Akitokea "afisa" kwenye simu anataka elfu hamsini ya kufungua faili, kata.

Ila pesa yenyewe hawatampa mtu hivi hivi, na benki ni vivyo hivyo. Kwanza kikao cha ukoo cha kumchagua msimamizi wa mirathi, na hapa ndipo wengi tunakwama. Sisi ilituchukua miezi saba, kisa baba mdogo alidhani msimamizi ndiye mrithi. Siyo. Msimamizi anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anarudisha hesabu mahakamani. Basi mchagueni asiye na papara, hata kama ni mdogo.

Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo mpeleke Mahakama ya Mwanzo ya huko huko Mafinga. Wewe uko Mwanjelwa, Mbeya, lakini kinachoangaliwa ni makazi ya marehemu. Kama baba aliishi kizungu kabisa, bila mila wala Uislamu, huenda wakawaelekeza mahakama ya juu yake.

Shamba la miti ulilotaja, liandikeni humo humo kwenye orodha ya mali za marehemu mtakayoipeleka mahakamani.