Kidonda cha mama hakifungi

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu ana miaka 63. Huu ni mwezi wa nane ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Tunanyunyizia unga wa kapsuli za antibiotiki, lakini bado kinatoa maji. Baba mdogo, mwenye kisukari, alipona kidonda cha unyayoni kwa dawa ya kupaka. Mama naye aitumie?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Dawa ya baba mdogo iacheni. Nimefunga vidonda zaidi ya miaka 20, na kabla sijashika pamba huuliza kwanza: kiko wapi, na kinauma lini?

Cha mama, kwa mahali kilipo na maji hayo, kinaelekea kuwa cha vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu haipandi vizuri, inatuama chini, jioni mguu unavimba na ngozi inageuka kahawia. Hapo tiba ni bandeji ya kubana, toka kwenye vidole hadi chini ya goti, na kulala ameinua mguu.

Lakini msimbane wenyewe! Kwanza apimwe presha ya kifundoni, ilinganishwe na ya mkononi. Ya mguuni ikiwa chini sana, ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, zimeziba, na kubana kutaumaliza mguu. Kidonda cha ateri hupenda vidole na kisigino, kingo zake kama zimekatwa kwa kisu, mguu ni wa baridi, na usiku mgonjwa hupata nafuu akiuning'iniza kando ya kitanda. Niliwahi kufungua bandeji ya kubana kwenye mguu wa namna hiyo nikakuta vidole vyeusi. Mpaka leo naviona.

Cha baba mdogo ni kingine kabisa. Huanzia chini ya sugu na hakiumi, maana mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Bila kuchongwa sugu na kuacha kukanyagia hapo, dawa ya kupaka haifui dafu. Akague nyayo zake kila siku.

Unga wa kapsuli acheni leo, na spiriti pia. Unga unagandamana juu ya kidonda, unaweza kuleta mzio, na unafundisha vijidudu kuzoea dawa. Osheni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Miezi minane ni mingi, mwanangu. Kingo zikianza kuinuka na kuota vinyama, au kikivuja damu ovyo, ombeni kikatwe kinyama kidogo kipimwe saratani. Siku ya kwenda kwa daktari msinyunyizie kitu chochote, aone chini kabisa ya kidonda.