Handbreki sio ya wanafunzi

Wiki hii mmeuliza kama gari ya manyuali, ile ya klachi na gia za kubadili kwa mkono, bado ina kazi kwenye foleni na milima ama ni mateso ya kujitakia. Mi nina Kirikuu, ile Suzuki Carry ya mizigo, nasambaza chakula cha kuku toka mashineni Tandale mpaka kwa wafugaji wa Goba na Madale, huu mwaka wa tano sasa, kwaiyo jibu langu linatoka kwenye mguu wa kushoto na mguu wenyewe unauma.

Foleni ni mateso, asiwadanganye mtu. Mwenge saa 12 jioni unakanyaga klachi, unaweka moja, unasogea hatua tatu, unakanyaga tena, unaweka fri yani gia umeitoa, breki, alafu yule wa mbele kasogea tena. Pembeni kuna mtu kwenye IST ya oto, gari inayobadili gia yenyewe, mguu wake mmoja ndo uko kazini, mwingine kaukunja anakula karanga. Na Kirikuu injini yake iko chini ya kiti, yani usisahau hilo, foleni ikizidi nusu saa makalio yanaiva. Hapo hata mimi natamani oto.

Ila kuna watu nawasikia wanasema kinachowashinda kwenye manyuali ni mlima, na mi nabisha. Kinachowashinda ni aibu. Nitawaeleza.

Nilijifunza udereva kwenye kiwanja cha mpira. Kiwanja chenyewe tambarare kama meza, mlima pekee niliowahi kuuona na mwalimu ni tuta la barabarani, na siku moja nilivyovuta handbreki kwenye tuta hilo gari isirudi, mwalimu akacheka akaniambia dada ukifika barabarani usifanye ivo watakujua we mwanafunzi, gari inashikwa na klachi. Nikalibeba hilo neno kama sheria. Kwaiyo nilivyonunua Kirikuu mlimani nilikuwa naitundika gari kwenye klachi, yani nusu nimekanyaga nusu nimeachia, resi kidogo, gari imesimama inatetemeka haiendi mbele hairudi nyuma, na mimi najiona dereva kweli kweli. Kwa nje ukiniangalia nimetulia. Kwa ndani kule chini pleti ya klachi inaliwa.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Jumamosi, natokea Tangi Bovu naenda Goba, nimebeba mifuko 10 ya kilo 50. Najua, msinisute, hizi gari Japani wanazipangia kilo 350 na injini yenyewe ni cc 660, sasa mimi nimeweka nusu tani na mwenyewe nimo na kijana wa kushusha mzigo yumo. Kwenye kilima kimoja lori lilikuwa limekwama mbele, magari yakasimama, mi niko katikati ya mpando, nyuma yangu daladala imenigandia mpaka kwenye kioo naona meno ya dereva. Nikaitundika kama kawaida yangu. Dakika ya kwanza, ya pili, nikaanza kusikia harufu, ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau, kama nywele zinaungua zimechanganyika na raba. Nikasema labda ni lile lori. Kijana wangu akaniambia, "Mama, moshi unatoka kwetu." Lori likaondoka, nikaachia klachi, injini inanguruma na gari haiendi. Nakanyaga resi, inapiga kelele tu, haiendi. Alafu ikaanza kurudi. Hapo ndo nikavuta ile handbreki niliyoionea aibu mwaka mzima, na konda wa ile daladala kashashuka anapiga bodi, "We mama we, unatuua!"

Seti nzima ya klachi, pleti, presha pleti na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachane ukikanyaga, pamoja na fundi na gari ya kuja kuchukua mzigo, nikala faida ya miezi miwili. Klachi ilikuwa na miezi saba tu toka ibadilishwe.

Aliyenifundisha upya ni mzee mmoja jirani yetu, amestaafu, alikuwa anaendesha malori ya Zambia enzi hizo. Nilimkuta asubuhi nje kwake nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia alafu akaniuliza, "Binti, hiyo gari yako juzi umeipika au umeikaanga?" Nikacheka kwa uchungu. Akaniambia panda twende, tukaenda mpaka kwenye kilima cha karibu na kwetu, gari tupu, akasema simama hapa katikati. Vuta handbreki. Toa miguu yote. Nikatoa. Gari ikakaa. Akanyamaza kama dakika nzima, bodaboda zinatupita, ananiangalia tu. Alafu akasema, "Umeona? Gari imelala na wewe umepumzika. Sasa hiyo klachi ulikuwa unaitesa ya nini?"

Maelezo yake yalikuwa mepesi kuliko ya shule. Ndani ya klachi kuna vitu viwili vinavyozunguka, flaiwili, yani lile gurudumu la injini, na pleti inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Ukikanyaga mpaka chini vimeachana, haviumizani. Ukiachia mpaka juu vimeshikana, navyo haviumizani. Shida iko pale katikati, kimoja kinazunguka kingine kimegoma, vinasagana, na kusagana ndo moto wenyewe. Pale katikati unapita tu. Hupangi nyumba.

Kuondoka mlimani ni hivi, na hapa naandika taratibu kwa ajili ya wale wanaotuma meseji kwenye magrupu kuomba msaada. Handbreki iko juu. Kanyaga klachi yote weka gia namba moja. Weka resi kidogo, injini isikike imeamka lakini isipige kelele. Anza kuachia klachi polepole huku unasikiliza, usiangalie miguu wala usiangalie nyuma, sikiliza. Kuna mahali sauti ya injini inashuka, inakuwa nzito kama mtu aliyejitwika gunia na kabla hajanyooka, na kwenye Kirikuu unasikia kabisa nyuma inakaa chini kidogo na kiti kinatetemeka. Hapo ndo balansi. Hapo gari tayari inataka kwenda, handbreki tu ndo imeizuia. Ongeza resi kidogo, shusha handbreki, imeondoka. Hairudi hata kidole. Ukishusha handbreki kabla ya ile sauti kushuka utarudi nyuma, ukichelewa sana itazima. Ikizima usipaniki, breki, handbreki, klachi, washa, anza upya, wanaopiga honi nyuma honi ni zao na betri ni yao.

Siku ile nilirudia labda mara 15. Mzee hakusema hongera wala nini, alisema tu turudi chai inapoa.

Alafu akanipa na ya foleni. Kwanza, mkisimama zaidi ya sekunde kadhaa weka fri utoe mguu kabisa kwenye klachi. Watu wengi wanakaa kwenye taa wamekanyaga klachi wameweka moja wanasubiri kijani kama wanashindana, muda wote huo rilizi beringi inasukumwa inazunguka inachoka, siku ukianza kusikia mlio kama wa sinia ukikanyaga klachi ndo yenyewe hiyo inaaga. Pili, usimfukuzie wa mbele. Hili lilinichukua muda kulikubali kwa sababu Dar ukiacha nafasi bajaji inaingia, na bodaboda mbili, na mtu anauza maji. Waache waingie. Mi naacha nafasi ya gari moja na nusu, nasubiri mpaka pafunguke vizuri alafu naenda na gia moja taratibu klachi nimeachia yote, wakati wengine wamesimama na kuondoka mara tano mi nimesimama mara mbili. Nafika nao muda uleule. Nimehesabu, toka Mwenge mpaka Tangi Bovu yule aliyenichomekea namkuta palepale kwenye foleni, gari mbili mbele yangu.

Kuna moja naomba niliseme japo mmeuliza ya kupanda, nayo ni kushuka, maana huku ndo watu wanakufa. Desemba iliyopita tulienda msibani Lushoto. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 30 na kitu, unapanda kama mita 1,000, barabara nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, kila kona kali unapiga honi kabla hujaiona. Tulienda na gari ya shemeji, ya oto. Kupanda safi, hata hatukuhangaika. Kurudi sasa, shemeji kaacha kwenye D, ile gia ya kawaida ya kwenda mbele, mguu kwenye breki toka Lushoto, tumefika Soni nasikia ile harufu. Sio ya klachi safari hii, ni breki. Nikamwambia shemeji simama, akasema ya nini mbona inashika, nikamwambia ndo isimame wakati bado inashika. Tukapaki Soni karibu nusu saa, rimu za mbele huwezi kuweka mkono. Kumbe hajui kwamba oto nayo ina gia ndogo za kushukia, ile L ama 2 pale kwenye liva, miaka yote anadhani ni mapambo. Tukashuka na 2 mpaka Mombo, breki anagusa tu kwenye kona.

Kwenye manyuali hilo unalijua bila kuambiwa, maana umepanda na mbili mkono wako unakumbuka, unashuka na mbili ileile, injini ndo inaishika gari na breki inabaki ya dharura. Ila hata huku kwetu wapo wajanja wa kushuka na fri eti wanaokoa mafuta. Mzee wa malori ukimtajia fri mlimani anabadilika uso. Alishawahi kuniambia kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa akiwa na semi yenye mzigo alikuwa anapangua gia kabla hata mteremko haujaanza, kwa sababu ukishauanza umechelewa, gari imeshika kasi na gia ndogo haiingii tena, unabaki na breki peke yake na zenyewe zinachemka. Haongezi neno. Sijamuuliza aliona nini huko.

Kwaiyo jibu langu kwa swali lenu. Kama kazi yako ni kwenda ofisini Posta na kurudi Mbezi peke yako na begi la laptopu, nunua oto, usijitese, hamna medali. Kama una mzigo na una mlima, klachi bado ina kazi, ila ujifunze mlimani sio kwenye kiwanja cha mpira, na umlipe mtu akupeleke mlimani hata kama umeshapewa leseni.

Juzi nimesimama palepale nilipounguza, nimevuta handbreki, nasubiri. Daladala nyuma ikapiga honi, konda akachungulia akasema kwa sauti dereva wake amsikie, "Mwanafunzi huyo, mpe nafasi." Dereva akarudi nyuma kidogo. Nilishukuru kweli, nilikuwa na mifuko 8. Klachi hii ninayoendeshea sasa hivi ina mwaka wa nne.