Mashua ya mtumba: kabla hujauliza bei ya mwisho

Wadogo zangu, mnanichosha. Mtu ananitumia picha ya mashua ya mbao, rangi ya buluu inang'aa, inaelea maji yamejaa, na swali lake ni moja tu: "Kaka, bei ya mwisho?" Rangi ni makopo mawili. Anza na haya.

1. Ilipandishwa nchi kavu lini mara ya mwisho? Halafu uione imepwelewa, yaani imekaa kavu maji yakipwa, uitazame chini kote. Ukiambiwa maji hayapwi vya kutosha, subiri bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Huja na mwezi mwandamo au mpevu, na huo hauko mbali. Mimi sikusubiri. Nilipanda, nikakuta ngama (tumbo la chini maji yanapokusanyika) kavu, mataruma (mbavu za mashua) yamenyooka, tanga jipya, nikajiona fundi. Sikujiuliza mashua ya mbao iliyolala majini inakaukaje hivyo. Kumbe wenyewe walishafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kabla ya alfajiri. Nikalipa.

Bamvua iliyofuata tukaipweleza ili tuipake deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini. Fundi akakwangua ile ya zamani, nene ajabu, akagusa kwa ncha ya kisu mbao ya kwanza juu ya mkuku, uti wa mgongo wa mashua. Hakusukuma. Kisu kikazama hadi mpinini, na alipokichomoa yakatoka maji meusi. Akasogea hatua moja, akagusa tena, kikazama tena. Minyoo ilikuwa imekula kutoka tezi, yaani nyuma, hadi katikati, na mtu alishapigilia misumari ya kawaida ya kuezekea, imekwisha kwa kutu. Fundi akaniuliza polepole, "Ulinunua kwa nani?" kama mtu anayetoa pole msibani. Pesa niliyoiwekea mashine ikaishia kwenye mbao na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao. Kaskazi nzima nikavua kwenye chombo cha shemeji, na shemeji hajaacha kunikumbusha.

Kwa hiyo nenda na kisu. Omba ruhusa, gusa pembeni mwa mkuku, chini ya fashini (mti wa wima mbao zinapokutania mbele na nyuma), na kwenye vichwa vya misumari. Akikataa kisu, ameshakujibu.

2. Muulize kijana anayefua maji, si tajiri mwenye chombo. Mnunulie chai, muulize usiku mmoja anaamka mara ngapi. Ila msikimbie kila tone, maana mnapenda kupitiliza: chombo kilichokaa juani muda mrefu lazima kivuje kikishushwa, mbao zimekauka. Kikishinda majini mbao hujaa na kufumba. Kama siku ya tatu bado anafua vilevile, rudi nyumbani.

3. Mashine uikute ya baridi. Weka kiganja juu yake kabla hujasalimia watu. Ikiwa ya moto, walishahangaika nayo kabla hujafika. Ikiwashwa, kitundu cha kutolea maji ya kupozea kikojoe kwa nguvu. Oili ya gia yenye rangi ya maziwa ina maji.

4. Jina kwenye usajili, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) kwa bara au ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini) kwa Zanzibar, liwe la huyo anayepokea pesa. Chombo cha marehemu, uliza warithi wote, na wanawake usiwasahau. Nilishuhudia kaka mkubwa akiuza peke yake. Siku ya kushusha chombo dada zake wawili wakapanda, wakakaa omo, mbele ya chombo, na mikeka na chupa ya chai. Maji yakajaa, yakapwa, wamekaa. Mnunuzi akalipa mafungu yao papo hapo pwani, kwa simu, huku yule kaka hapatikani.