Umenenepa, Umekonda: Maswali ya Baada ya Sikukuu

Sisi sita tuliosoma uuguzi darasa moja tuna desturi ya kujuliana hali kwenye simu kila Januari. Mmoja yuko Muscat, mmoja Tanga, mmoja Bukoba, waliobaki tuko Dar es Salaam. Picha za pilau na mbuzi hutangulia, na kabla watoto hawajaulizwa habari, mtu ameshaandika: "Mbona umenenepa hivyo?" Au: "Umekonda, unaumwa?" Maswali mliyonitumia mwezi huu yanafanana sana na mazungumzo yetu, ndiyo maana nimechagua yale ambayo ningependa wenzangu nao wayasome.

Nilikwenda nyumbani Moshi kwa Krismasi, "kuhesabiwa" kama tunavyosema, nikakaa wiki mbili. Nimerudi Dar, mizani imepanda kilo nne. Nafikiria kuacha kabisa kula usiku. Je, itasaidia?

Pole kwa mshtuko, ila hizo kilo nne si mafuta yote. Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ili ujaze kilo nne za mafuta kwa siku 14, ungehitaji kula kalori 2,200 za ziada kila siku, juu ya chakula chako cha kawaida. Hicho ni chakula cha siku nzima cha mtu mwingine, na usipumzike hata siku moja. Pamoja na mtori wa asubuhi na ndafu ya Krismasi, si rahisi.

Sehemu kubwa ya ulichobeba ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ongeza chumvi ya nyama choma, ongeza na kukaa kwenye basi kutwa nzima miguu ikivimba. Ukirudi kwenye chakula chako cha kila siku, sehemu nzuri ya uzito huo huondoka yenyewe. Jipime tena baada ya wiki mbili, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla hujanywa chai.

Hata hivyo sitakuambia kwamba yote yatatoka. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia watu wazima 195 wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Waliongezeka kwa wastani wa chini ya nusu kilo, lakini kidogo hicho hakikuondoka miezi iliyofuata. Nusu kilo haionekani kwenye gauni. Sikukuu za miaka kumi zinaonekana. Kwa hiyo chunga kile kidogo kinachobaki, kilo nne zisikunyime usingizi.

Umeuliza chakula cha usiku. Wengi wanaokiacha hujikuta saa nne usiku wamesimama jikoni wakila mkate na siagi. Kula, ila kula mapema; punguza ugali hadi ukubwa wa ngumi yako, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijae mchicha au matembele. Tembea nusu saa kwa siku. Na kama kule nyumbani kata ya mbege ilikuwa inazunguka, kumbuka kwamba gramu moja ya kilevi ina kalori saba, wakati mafuta yana tisa. Watu huhesabu nyama na kusahau kinywaji.

Nunua pia futi ya fundi cherehani, uipitishe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu ni dalili ya kuanza kuchukua hatua; kwa mwanaume ni 94. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayosogeza kisukari na presha karibu, na futi huyaona vizuri kuliko mizani.

Tuko akina mama tisa kwenye kundi letu la WhatsApp. Tumeweka dau la shilingi 20,000 kila mmoja, atakayepungua zaidi hadi Pasaka anachukua zote. Hakuna ugali, wali wala chapati. Kila Jumatatu tunatuma picha ya mizani. Mwenzetu mmoja ananyonyesha mtoto wa miezi minne na juzi alianguka bafuni. Lakini ndiye anayeongoza. Tufanyeje?

Mtoeni leo, na mrudishieni hela yake.

Mama anayenyonyesha mtoto wa umri huo anahitaji takriban kalori 500 zaidi ya alizokuwa akila kabla ya ujauzito. Akinyimwa, mara nyingi maziwa yanaendelea kutoka, ila mwili wake ndio unaolipa. Naye asiishie kuambiwa kwamba ni njaa tu. Aliyeanguka apimwe wingi wa damu, presha na sukari. Nyumbani apikiwe: uji wa ulezi, maharage, dagaa, samaki, na maji yawe karibu naye kila anapokaa kunyonyesha. Nawaomba mmoja wenu ampelekee chakula badala ya ujumbe.

Kwenu nyinyi wanane. Naupenda moyo wenu wa kwenda pamoja, kwa sababu mtu mwenye wenzake hachoki haraka. Tatizo ni kile mnachoshindania. Ukiondoa ugali, wali na chapati kwa mpigo, ile akiba ya wanga niliyoieleza hapo juu inaisha na maji yake yanatoka. Wiki ya kwanza mnashangilia kilo mbili, tatu. Wiki ya nne mizani imegoma, mtu anaona ameshindwa, naye anarudi kwenye sahani yake ya zamani kwa hasira. Kisha shindano la kilo humpa ushindi aliyekuwa mzito zaidi mwanzoni, au yule aliye tayari kujinyima hadi kuumia. Mmeshamwona wenu.

Ugali si adui. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe na inashibisha kwa muda mrefu, ila isagwe kutoka mahindi makavu, safi, yasiyo na ukungu. Tazameni vinavyoandamana nao: mafuta ya kukaangia samaki, soda ya mchana, chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 25, yaani vijiko sita vya chai. Mwanamke anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ameshafika tisa bila kugusa mandazi. Mimi ningeanzia kwenye chai kabla ya kugusa ugali wa mtu.

Shindaneni kwa mambo mliyo na uwezo nayo: siku ngapi umetembea, siku ngapi mboga za majani zimekuwa mezani, siku ngapi bila soda. Na zile 160,000 zilizobaki zinunulieni mashine ya kupimia presha, izunguke kati ya nyumba zenu.

Nilikwenda kijijini Krismasi nikasahau vidonge vya presha. Siku tisa sikumeza na sijisikii vibaya. Nimeze mara mbili ili nifidie?

Hapana, usifidie kamwe. Nenda kliniki leo, chukua na vidonge vyako, upimwe, waeleze ni siku ngapi hukumeza, wakuanzishe tena kwa dozi inayokufaa. Kutojisikia vibaya hakumaanishi kitu. Presha inaweza kuvuka 140 kwa 90 kwa miaka mingi mtu akiimba kwaya na kulima. Ukipata maumivu makali ya kichwa, kifua kubana, macho kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo ni dharura. Safari ijayo vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Nina miaka 61, niko Pemba. Nina kisukari, natumia glibenclamide na metformin. Ramadhani iliyopita sukari ilishuka nikiwa msikitini, nikatolewa nimebebwa. Wenzangu ninaofunga nao tangu utotoni wananitumia ujumbe nijikaze mwaka huu. Niamue vipi?

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara kadhaa, kwa sababu najua uzito wa kufunga pamoja na watu uliokua nao.

Glibenclamide huifanya kongosho itoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Hiyo ndiyo iliyokuangusha. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Ndiyo maana Ramadhani ya mgonjwa wa kisukari huanzia kliniki, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Daktari anaweza kukubadilishia dawa, kupunguza dozi au kuhamisha saa za kumeza. Usijibadilishie mwenyewe. Mueleze wazi kwamba uliwahi kuanguka, maana jambo hilo linakuweka kwenye kundi la hatari zaidi, na huenda akakuambia usifunge.

Akikuruhusu, pima sukari mchana zaidi ya mara moja. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa mashine inayosoma mmol/L, fungua hapohapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Ukitetemeka au ukitokwa na jasho la baridi, fungua kwanza, upime baadaye. Daku lile karibu na alfajiri, si saa sita za usiku. Futari yetu ina viazi vitamu, mihogo ya nazi, magimbi, tambi na uji wa sukari meza moja. Chagua kimoja cha wanga, ukile pamoja na kunde au samaki, na tende moja au mbili zinatosha.

Kuhusu wenzako, nakuomba uwafungulie Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, ambako mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa. Habari za fidia ya chakula kwa masikini muulize sheikh wako, yeye ndiye mjuzi. Rafiki wa utotoni anayekupenda anaweza kukaa nawe kwenye futari hata kama mchana ulikula.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni ni kweli?

Nyingi ya hizo nilizosoma pakiti zake zina sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliijua. Inatoa choo na maji, haitoi mafuta. Ukiitumia kila siku madini ya potasiamu hushuka, na moyo unayahitaji. Acha.

Naishi Leicester, nilizaliwa Bukoba. Desemba tunakwenda nyumbani na watoto wawili waliozaliwa huku. Mama anasema mimi mtoto wa Kagera sihitaji dawa za malaria. Na mashangazi huwa wananilaki kwa "umekonda, huko hawakulishi?"

Mama anakumbuka mwili uliokuwa nao ulipoondoka. Kinga anayojenga mtu aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na watoto wako hawajawahi kuwa nayo. Muone daktari au mfamasia huko mapema, upate vidonge vya kinga kwa wote; vya watoto hupimwa kwa uzito wao. Huanzwa kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, kuanzia wiki moja hadi nne kutegemea aina. Wengi huishia njiani wakishatua Uingereza, na hilo ni kosa. Laleni kwenye chandarua chenye dawa. Mkipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa: tulikuwa Tanzania.

Kwa mashangazi, jibu kwa upole na ukweli: "Niko salama, shangazi, nimepimwa juzi." Wao wamezika watu walioanza kwa kukonda. Swali lao linatoka huko.

Rafiki yetu yuko Doha kikazi. Alikuwa na kilo 74, tangu Idi amepungua tisa. Kila akituma picha tunamsifia. Juzi aliandika kwamba kiu haimwishi na anaamka mara nne usiku kukojoa. Anasema hajafuata mlo wowote wa kupunguza mwili. Sitaki kumtia hofu bure.

Mtie hofu kidogo, ina sababu. Kiu isiyokatika, mkojo mwingi usiku na mwili kupungua bila mtu kukusudia ni dalili za kisukari zinazokuja pamoja. Mtu anapopungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kujitahidi, anatakiwa kuchunguzwa. Yeye amepita asilimia 12. Inaweza kuwa tezi ya shingoni, kifua kikuu, au jambo jingine, lakini anza na sukari, kwa sababu kipimo chake ni tone la damu.

Nina mwenzangu mmoja kati ya wale sita. Miaka kadhaa iliyopita alipungua hivyohivyo, nami nilikuwa wa kwanza kumtumia mioyo kwenye picha zake. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa namuuliza siri ya mwili wake wakati sukari ilikuwa inamla. Aligundulika alipoanza kuona ukungu. Tangu hapo sisemi neno juu ya mwili wa rafiki, liwe la sifa au la kukosoa, kabla sijamuuliza analalaje, anakula nini, na kama kuna kitu kimebadilika.

Kwa hiyo usimwandikie kwenye kundi, mpigie yeye mwenyewe. Mwambie umesoma maneno yake na hukuweza kulala. Mwombe aende kliniki kesho asubuhi kabla hajala. Sukari ya 7.0 (mmol/L) au zaidi akiwa hajala, au 11.1 na zaidi saa yoyote akiwa na dalili hizo, inahitaji daktari siku hiyohiyo. Akianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu au pumzi kunuka kama tunda lililoiva mno, asisubiri asubuhi, aende hospitali usiku huohuo. Watu wanaofanya kazi ugenini huogopa kuomba ruhusa; msaidie kupanga maneno ya kumwambia mwajiri.

Doha na Dar saa zetu ni zilezile. Mpigie leo akitoka kazini, na kesho umwambie akutumie namba iliyotoka kwenye kipimo, picha ataituma siku nyingine.