Sanamu zangu hupasukia motoni

SWALI: Nafinyanga vyungu hapa Matema, kazi ya bibi na mama. Sasa natengeneza sanamu za wanawake waliobeba ndoo, nikifuata zile za mfinyanzi Josefina Aguilar wa Meksiko. Vyungu vinaiva salama ila sanamu zinalipuka, na rangi inaungua. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, chungu kina ukuta mwembamba na mdomo wazi. Sanamu uliyoijaza udongo kiunoni huwa imekauka nje tu, ndani mbichi. Moto ukipita nyuzi 100, maji yale yanakuwa mvuke, na usipopata njia unapasua.

Acha uwazi ndani, ukuta usizidi sentimita 1, kisha toboa tundu chini kwa njiti. Changanya udongo na mchanga laini au vigae vilivyotwangwa, kiasi cha sehemu 1 kwa 5. Ndoo na mikono ikwaruze pande zote mbili, paka tope zito ndipo ubandike. Ukibandika pakavu, mkono utabaki jivuni.

Anika kivulini wiki 2. Wa Tukuyu, kwa mvua zile, waongeze hata wiki nzima. Igusishe shavuni: ikiwa baridi, bado ina maji. Siku ya kuchoma ipashe pembeni mwa moto kwa muda wa saa 2 hivi, ukiigeuza, kabla ya kuifunika kuni.

Rangi? Kule Ocotlán, Oaxaca, Josefina, aliyefundishwa na mama yake Isaura Alcántara, alikuwa akipaka baada ya kuchoma. Ngeu yenu ya vyungu, ule udongo mwekundu, ndiyo inayostahimili moto, ya dukani haiwezi.